Jiwe la Isimila kwenye kauntabuku

Jumamosi, usiku

Viatu nimeviacha mlangoni vimejaa vumbi la Isimila. Nimechoka, lakini nikilala bila kuandika najua kesho nitakuwa nimesahau nusu.

Mwaka wa tisa huu nafundisha historia kidato cha kwanza katika shule ya wasichana hapa Iringa. Kila mwaka nimeandika jina la Isimila ubaoni tukifika zama za mawe, wasichana wakanakili, kengele ikalia, nikafuta. Na kule ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, kwa barabara ya Mbeya! Leo ndiyo mara ya kwanza kuwapeleka. Inaniuma kuandika hivyo.

Tulifika saa tatu asubuhi, masweta bado mwilini. Wengi walikimbilia nguzo za udongo kule korongoni, zile zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kuliko bweni letu. Mimi nilibaki bandani, penye zana za mawe, na wasichana sita hivi. Mwongozaji akatusimulia kwamba aliyeokota zana za kwanza hapa, mwaka 1951, alikuwa mwanafunzi aliyekuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Johannesburg. "Mwanafunzi?" wakauliza kwa pamoja. Kuanzia hapo kila mtu alitembea ameinamisha kichwa.

Kisha akampa mmoja wao shoka la mkono. Ni jiwe zito, nene katikati, limechongoka upande mmoja, kingo zake zimemeguliwa pande zote mbili. Msichana aliligeuza, akaligeuza tena, mpaka kidole gumba kikapata mahali pake kwenye kibonyeo kidogo kando. Akanyamaza. Halafu akaniuliza:

"Madam, aliyelichonga alikuwa mwanamume au mwanamke?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza. "Kitabuni wamechora wanaume tu."

Nilimtazama mwongozaji, naye akanitazama mimi. Akasema jiwe halionyeshi. Nikasema, "Hatujui." Darasani silitamki neno hilo kirahisi, darasani kuna mtihani, na mtihani unataka jibu. Lakini pale, jiwe likiwa mkononi mwake, halikuwa jibu la aibu. Walianza kubishana wenyewe: jiwe lilikuwa la kuchunia ngozi, kukata nyama au kuchimba mizizi, na kazi hizo kwao nyumbani hufanywa na nani. Miaka tisa sijawahi kusikia mabishano kama yale kipindi changu.

Ndani ya Kosta, tukirudi, niliwaambia kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukisema: wataalamu watatu walioandika ripoti ya uchimbaji wa Isimila iliyotoka mwaka 1962, mmoja wao ni mwanamke, Maxine Kleindienst. Walinitaka niliandike jina. Nikaliandika kwenye karatasi, ikazungushwa hadi viti vya nyuma.

Sasa niandike lililonizuia kulala. Wasichana kumi na mmoja hawakwenda. Mchango wa safari ulikuwa shilingi 15,000 na kwao haikupatikana. Asubuhi walisimama barazani wakitupungia mikono tukiondoka, nami nikapunga. Utaratibu wa shule ndio huo, asiyelipa anabaki, na siku zote nimeuona wa kawaida kwa sababu tunaiita safari matembezi. Kama lile la leo lilikuwa matembezi, basi sijui somo ni nini. Hakuna anayemwambia mwanafunzi atoke nje kipindi cha hesabu kwa sababu baba yake hakuvuna vizuri. Jumatatu nitakwenda ofisini kuyasema haya. Kama gari ndilo ghali, tupande basi la abiria kwa makundi mawili, tushukie barabarani tutembee. Wana miguu.

Yule msichana wa swali, kumbe kabla ya kurudisha jiwe alikuwa ameliweka juu ya kauntabuku yake na kulizungushia penseli. Jioni nilipopita bwenini nilimkuta ameifungua kitandani, wale waliobaki wamemzunguka. Mmoja wao alikuwa ameweka kiganja juu ya mchoro, anajaribu kujua kidole gumba kikae wapi.

"Hapo hapana," mwenzake akamwambia, akamshika kidole. "Sogeza hapa."