Giza, Mbalamwezi na Daftari la Wachelewaji

Kwa miaka mitatu nilishika daftari la wachelewaji katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo jirani na mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inaposhushia samaki, wa Ilemela, hapa Mwanza. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: saa moja na nusu asubuhi nilisimama getini, nikaandika jina la mwanafunzi, kidato chake na sababu aliyoitoa, na mchana nikakabidhi orodha kwa mwalimu wa nidhamu. Ninaandika habari hii kwa sababu daftari lile lilinifundisha jambo ambalo mimi, mwalimu wa biolojia, nilipaswa kulijua kabla ya watu wengine wote pale shuleni, na kwa sababu kuna binti aliyefagia uwanja mara nyingi bila kosa kabla sijalijua.

Alikuwa kidato cha pili. Alichelewa karibu kila siku kwa wiki mbili na ushee, akifika na sketi iliyolowa pindoni na magamba madogo yanayong'aa yamemkaukia mikononi, na alipoulizwa sababu alijibu kwa neno moja, "Kazi." Kisha, kwa zaidi ya wiki moja, akawa anafika kabla ya kengele, siku nyingine kabla yangu mimi. Nikadhani adhabu imemwingia. Halafu kuchelewa kukarudi vilevile. Siku moja mwalimu mwenzangu, aliponiona nikiliandika tena jina lake, alisema, "Huyo ni mwezi mchanga tu, mwalimu, ukipita atatulia," na sote tuliokuwa pale tukacheka, maana usemi huo tunaujua: mtu akianza kufanya mambo yasiyoeleweka, husemwa kwamba mwezi mchanga umempanda.

Nilimwita mzazi. Mama yake alikuja kesho yake, nikamwamkia, akaitikia, nikamsomea tarehe zote zilizokuwa kwenye daftari. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikatai. Lakini hizi ni siku za giza, mitumbwi inaingia alfajiri, na mikono ninayo miwili tu. Nivumilie mpaka mbalamwezi, utamwona anawahi."

Jioni ile nililinganisha daftari na kalenda ya ukutani nyumbani kwangu, ambayo ilitolewa na msikiti wa jirani na huonyesha tarehe za mwezi mwandamo kando ya tarehe za kawaida. Nilirudi nyuma miezi mitano. Kuchelewa kulianza karibu na tarehe 19 au 20 ya mwezi mwandamo, kukavuka mwisho wa mwezi hadi tarehe 7 au 8 ya mwezi uliofuata, kisha kukakatika. Kati ya tarehe 12 na 17, siku za mwezi mpevu, jina lake halikuwamo hata mara moja. Nilikaa na ile kalenda mezani hadi usiku. Mwenzangu alikuwa amesema kweli pasipo kujua: mwezi ulikuwa ukimwendesha yule binti, ila haukupitia kichwani mwake. Ulipitia ziwani.

Dagaa wetu, ambao ndio huletwa na mitumbwi ile alfajiri na kwa jina la kisayansi huitwa Rastrineobola argentea, hawana undugu wa karibu na dagaa wa Kigoma, ingawa sokoni wanaitwa kwa jina moja. Wale wa Kigoma ni jamaa wa sadini, ilhali wa Mwanza ni wa ukoo wa samaki waitwao kapi. Mchana hukaa chini, kwenye maji yenye giza, mbali na macho ya samaki na ndege wanaowala. Jua likizama, viumbe wadogo sana wanaoelea majini hupanda kuelekea juu, pamoja na viluwiluwi vya wale wadudu wa ziwani ambao mchana hujificha kwenye tope, na dagaa nao hupanda wakifuata chakula chao. Mvuvi anachofanya ni kuliingilia gwaride hilo. Anatega taa zinazoelea, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi zaidi taa za betri, anasubiri wadudu na dagaa wakusanyike chini ya mwanga, kisha anazivuta taa taratibu kuelekea kwenye nyavu. Usiku wa giza, ukisimama penye mwinuko wowote wa jiji hili, unaziona taa hizo zimejipanga hadi upeo wa macho kama mji wa pili uliojengwa juu ya maji.

Mwezi ukiwa mpevu, mtego huo unapoteza nguvu, kwa kuwa taa haina tena giza la kushindana nalo: mwanga umetapakaa ziwa zima na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza kuliko yote. Mtu anaweza kufikiri kwamba nusu ya mwezi hutoa nusu ya mwanga wa mwezi mpevu, lakini sivyo. Hutoa takriban sehemu moja ya kumi tu. Uso wa mwezi umejaa vumbi na mabonde, na jua linapoupiga kwa ubavu, kila punje na kila jiwe hutupa kivuli ambacho sisi tunakiona. Siku ya mwezi mpevu jua huupiga uso kwa mbele, vivuli vikajificha nyuma ya vitu vyenyewe. Ndiyo maana mbalamwezi haizidi kidogo kidogo kwa kipimo sawa kila usiku, bali hupanda kwa kasi siku chache kabla ya mwezi kujaa na kushuka kwa kasi siku chache baadaye. Wavuvi wanaopumzika wiki moja hivi na kurudi kazini mwezi ukiwa bado mkubwa machoni petu hawabahatishi.

Tena hawahesabu siku tu, wanahesabu na saa. Mwezi huchomoza kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya tatu baada ya kujaa kwake kunakuwa na saa mbili na zaidi zisizo na mwezi tangu jua lizame, na mtumbwi unaweza kutoka kwa ajili ya saa hizo. Giza hilohilo la mwanzo wa usiku lina watumiaji wengine. Watafiti waliochambua mashambulio ya simba kwa wanakijiji wa kusini mwa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009 walikuta kwamba hatari ilipanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati watu bado wako nje na mwezi haujachomoza.

Nilipokuwa nikiyasoma haya nilikumbuka miaka yangu ya chuo Dar es Salaam, ambako pia watu huishi kwa mwezi, lakini kwa namna nyingine. Kule kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo: mwezi na jua huyavuta maji ya bahari, na siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, kiasi cha kuacha wazi eneo kubwa ambalo akina mama hutembea wakiokota chaza na kuwinda pweza. Hapa Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa karibu kilomita za mraba 68,800, kupwa na kujaa kwa namna hiyo ni kudogo mno hata jicho haliwezi kukuona. Mwezi ni uleule, na katika pwani zote mbili kuna mama anayepanga siku yake kwa kuutazama, lakini pwani humfikia kwa uzito wake na huku humfikia kwa mwanga wake.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza swali moja kila ninaposikia kwamba mwezi umefanya jambo fulani: umepitia njia gani? Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama nguzo za moshi na kujaa kwenye madirisha yetu, wapo ambao kuibuka kwao hufuata mwezi mchanga, na hilo lilithibitishwa ziwa hilihili, upande wa Uganda, katika miaka ya 1950. Kuhusu kichaa, mambo ni tofauti. Sisi tunakiweka kwenye mwezi mchanga, watu wa Ulaya wamekiweka kwa karne nyingi kwenye mwezi mpevu, na kumbukumbu za hospitali zilizochunguzwa mara nyingi katika nchi mbalimbali hazikuonyesha uhusiano wa kutegemeka na upande wowote. Nadhani kila jamii iliukumbuka usiku uliolingana na usemi wake na kuusahau ule usiolingana, kama nilivyofanya mimi getini.

Usingizi una habari yenye uzito zaidi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha vipimo vya watu wa jamii ya Toba-Qom wa kaskazini mwa Argentina, baadhi yao wakiishi bila umeme, pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu jijini Seattle, na kote walikuta kwamba katika siku zinazotangulia mwezi mpevu watu hulala kwa kuchelewa na kwa muda mfupi zaidi. Hizo ndizo siku ambazo mwezi huwa tayari uko angani jua linapozama. Kwa mtu aliyekulia kijijini Usukuma, akicheza uwanjani hadi usiku wakati wa mbalamwezi na mama akiita mara tatu bila kuitikiwa, matokeo hayo hayahitaji maelezo marefu.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba jiji letu linakula kutokana na mwezi na bado linapanga mambo yake kana kwamba mwezi haupo. Mama wa yule binti alikuwa na mkopo wenye marejesho ya kila wiki. Wiki za giza alilipa bila shida. Wiki ya mbalamwezi, ambapo hakuna dagaa wa kununua mwaloni wala wa kuanika, mkopeshaji alimdai kiasi kilekile, na yeye akauza ndoo, akakopa kwa jirani, au akauza dagaa aliowaweka akiba kabla bei haijapanda, ilhali siku chache mbele wangempa faida nzuri katika soko la Kirumba. Hakuna uzembe hapo. Kikundi cha akiba cha akina mama wa mwalo ule, ambacho baadaye nilikaribishwa kukitembelea, kilikuwa kimekwisha kulitatua tatizo hilo chenyewe: hisa zinanunuliwa siku za giza, na siku za mbalamwezi wanachama wanakutana kwa hesabu na mazungumzo tu.

Nami nilibadilisha kitu kidogo nilichokuwa na mamlaka nacho. Katika safu ya sababu, badala ya neno "uzembe" ambalo nilikuwa nimeliandika mara nyingi kiasi cha kuona aibu, nilianza kuandika "giza". Mwalimu wa nidhamu aliponiuliza maana yake, nilimwomba tuongozane hadi mwaloni alfajiri ya kesho yake.

Tulifika kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Mitumbwi mitatu ilikuwa imekwisha kuingia, na akina mama walikuwa wakipokea ndoo, wakimwaga dagaa juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani na kuwasambaza kwa viganja, haraka lakini bila kuwaponda, kwa kuwa waliolaliana huoza upande wa chini kabla jua halijawafikia na huishia kuwa chakula cha kuku. Yule binti alikuwa amepiga magoti katikati ya turubai, sare yake ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye kichanja. Alituona, akasimama, akatuamkia, kisha akainama tena. Mama yake alikuwa akitazama juu, ambako mwezi mwembamba ulikuwa umelala chali kama mtumbwi upande wa mashariki.

Mwalimu wa nidhamu alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika 40, na mtumbwi wa nne ndio kwanza ulikuwa unaingia.