Kumbukumbu ya mradi: mlingoti na waya zake, kabla boti haijarudi majini

Kazi ya bodi imeisha, sasa nimehamia juu. Boti ni ndogo, mita sita na ushee, inakaa kwenye trela, na mlingoti wake wa alumini unalazwa kila safari na kusimamishwa tena kila tukifika kwenye maji. Na hapo ndo ishu yote ilipo. Watu wakiwaza mlingoti kuanguka wanawaza upepo mkali na tanga limejaa, lakini kwa boti ya trela upepo mara nyingi unakuja kumalizia tu, uharibifu umeshaanzia nchi kavu wakati wa kunyanyua na kulaza, au barabarani waya zikiwa zinagongagonga. Kwa hiyo nimeamua kukagua kwa kufuata safari yenyewe, kutoka kwenye trela mpaka mlingoti usimame, badala ya kuangalia tu vitu vikiwa vimeshakazwa.

Nimeanza na waya zinazoushikilia mlingoti usianguke. Hizi ni za chuma cha pua, unene milimita 4, kila moja nyuzi 19. Usipitishe kidole kabisa, uzi mmoja ukiwa umekatika unachana kama ndoana, chukua kitambaa laini au tishu uivute taratibu juu mpaka chini, ikinasa mahali basi hapo pana uzi umekatika na hiyo waya haifai tena. Sehemu ya kutulia nayo ni ncha ya chini, pale waya inapoingia kwenye kile kibomba kilichobanwa kwa mashine. Maji yanateremka na waya yanaingia humo ndani, yanakauka, chumvi inabaki, na chuma cha pua kinajikinga kwa kupata oksijeni, ukikifungia kwenye upenyo mwembamba wenye chumvi na unyevu kinaliwa kimyakimya huku nje kinang'aa vizuri tu. Nimesafisha kila ncha, nikapaka ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikafuta, nikapuliza unga mweupe. Waya moja ya ubavuni imetoa mstari mwekundu mwembamba kama unywele kwa urefu wa kibomba. Kwa macho ya kawaida usingeuona! Nimebadilisha zote, maana zina umri mmoja na zimekula chumvi ileile, kubadilisha moja na kuziachia zingine sioni maana yake.

Kitu kingine kilichonishtua ni stadi, yaani vile vijiti vyenye thredi, za vile vikazio vya chini, vile vya kuzungusha ili waya ikaze. Nimezifungua nikaziviringisha juu ya kioo. Moja inayumba. Imepinda kidogo sana, na imepindia palepale thredi zinapoanza. Hii inatokea hivi: mlingoti umelala, waya za ubavuni zimelegea, kikazio kinalala upande, afu mlingoti ukipanda kinanasa kwenye bamba lake, lile linalokishika kwenye boti, badala ya kujinyoosha, na mtu anayenyanyua hajui, anaona tu pazito kidogo anaongeza nguvu. Stadi inapinda leo, haikatiki leo. Inakuja kukatika baadae ikiwa na mzigo, siku ya upepo wa kawaida kabisa. Sasa kila kikazio nimekiwekea kiungo kinachocheza pande mbili, na kabla ya kunyanyua kuna mtu kazi yake ni moja tu, kuangalia vikazio, na ana ruhusa ya kupiga kelele simama.

Kunyanyua kwenyewe nimekaa na kalamu nikapiga hesabu. Mlingoti una uzito wa kama kilo 20, urefu mita 7.5. Ukiuegemeza nyuma kwenye tegemeo kwa pembe ya nyuzi 15 hivi, ukavuta moja kwa moja na waya ya mbele kutoka omo, yaani ncha ya mbele ya boti, waya inakuwa karibu sambamba na mlingoti wenyewe, kwa hiyo unahitaji mvuto wa karibu kilo 150 kuunyanyua mlingoti wa kilo 20, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaishia kusukuma bawaba ya chini. Ukiweka nguzo fupi ya kunyanyulia, yangu ni ya mita 1.8, inasimama pembe mraba na mlingoti na kamba inapita nchani mwake kwenda omo, mvuto unashuka mpaka kilo 40 na kidogo. Winchi ya mkono inafanya hiyo kazi bila jasho, tena unaweza kusimama katikati ukapumua.

Ila nguzo haizuii mlingoti kuyumba pembeni, na hili watu wanalisahau. Waya za ubavuni hazisaidii mpaka mlingoti ukaribie kusimama, kwa sababu mabamba yake yako chini na nyuma ya bawaba, sio kwenye mstari wake, kwa hiyo mlingoti ukiwa katikati ya safari zimelegea tu. Boti ikitikisika kidogo, mlingoti unaenda pembeni unang'oa bawaba pamoja na skrubu zake. Nimefunga kamba mbili za muda, moja kila upande, zimeshikwa kwenye pete zilizo usawa mmoja na boliti ya bawaba, hivyo zinabaki zimekaza mwanzo hadi mwisho. Na hakuna mtu kusimama chini ya njia ya mlingoti, iwe unapanda au unashuka, hata kama ni sekunde mbili za kuokota kamba.

Umeme. Hili nalisema kwa herufi nzito moyoni kila safari. Alumini inapitisha umeme, waya za chuma pia, na umeme wa msongo mkubwa unaweza kuruka hewani kabla hujagusa. Watengenezaji wa boti Hobie waliweka kipande cha juu cha faibaglasi kwenye milingoti ya boti yao ya Hobie 16 kwa ajili ya hatari hii hii. Kwa hiyo kwanza natembea kwa miguu, macho juu, kuanzia tunaposimamisha mlingoti mpaka maji yanapoanza, maana waya ya umeme inaweza isiwepo hapa ikawepo mita thelathini mbele, na boti inasukumwa ikiwa imeshasimamisha mlingoti.

Pini nimetoa zote za pete, kamba ya tanga ikipita inazikamata na kuzizungusha mpaka zitoke. Nimeweka kotapini, zile pini za miguu miwili, miguu imefunguliwa kidogo tu, afu tepu juu yake isichane tanga wala mikono.

Mkazo nimepima kwa rula ya mita 2 iliyofungwa juu kwenye waya, chini ikiwa huru. Waya ya aina hii ikirefuka milimita 1 kwa mita 2 imebeba 5% ya nguvu ya kuikata. Nimesimamia milimita 3, yaani 15%, na kwa waya ya milimita 4 hiyo ni kama kilo 200.

Imebaki kapi ya juu kabisa ya henza, ile kamba ya kupandishia tanga, shimo lake limeanza unga mweupe pale skrubu ya chuma cha pua inapogusana na alumini. Natoa skrubu zote, nasafisha, narudishia na grisi ya lanolini, ndo mlingoti usimame tena.