Siku Mwalimu alipoacha kunitania

Nikisikia vijana wanaongelea kuporomoka kwa Man U af wanaanzia kwa kocha Amorim, wengine wanajitahidi wanarudi hadi kwa Ten Hag, huwa nakaa kimya tu nacheka kidogo. Mi nimeanza kuumia mapema. Mi ni wa msimu wa 2013/14, msimu wa kocha David Moyes, kipindi ambacho kufungwa na West Brom nyumbani ilikuwa bado ni habari ya kumwamsha mtu usingizini.

Kibanda umiza chetu cha kuangalia mpira kilikuwa Mbagala, mabati juu mabati pembeni, feni moja iliyokuwa inageukia upande mmoja tu, upande wa mwenye kibanda. Kiingilio mia tano, gemu kubwa buku. Benchi la mbele mwisho kushoto lilikuwa la Mwalimu na hakuna aliyekaa pale hata akichelewa. Mstaafu, kafundisha hesabu shule ya msingi miaka na miaka mpaka nusu ya watu mle ndani alishawahi kuwatandika, na mimi nimo. Arsenal wa kutupwa tangu enzi za Kanu. Sasa utani na mtu kama huyo una utaratibu wake, huwezi kumrukia kama rika lako, unaanza "shikamoo Mwalimu", anaitikia "marahaba", hapo ndo unashusha "na poleni na msiba".

Na nilimshushia kweli. Agosti 28, 2011 tulipowapiga 8-2 pale kwetu Old Trafford nilimuuliza mbele za watu, Mwalimu, Nane Nane si ilishapita, mbona nyie mnaadhimisha leo? Ikaganda hiyo, ikawa akiingia tu kuna mtu huko nyuma anauliza maonyesho ya wakulima yanaendeleaje. Mwaka uliofuata tukamchukua straika wao Van Persie kwa pauni milioni 24, akatupigia goli 26 za ligi, na Aprili 22, 2013 akawafunga Aston Villa tatu peke yake tukabeba ubingwa wa 20. Siku sita baadaye tukaenda Emirates, Arsenal wakajipanga mistari miwili kuwapigia makofi mabingwa, na Van Persie anapita hapo katikati. Mwalimu akasimama akasema anatoka kununua vocha. Alirudi mpira umeshaanza, na vocha hana.

Kwahiyo jua deni nililokuwa nalo wakati kocha wetu babu Ferguson anastaafu.

Moyes nilimtetea kuanzia siku ya kwanza. Mkataba wa miaka 6, babu kamchagua mwenyewe, mashabiki kule Old Trafford wametundika na bango kabisa kwamba huyu ndo mteule, nyie Arsenal mnajua nini kuhusu kumwamini kocha, ah samahani, nyie mnajua sana maana Wenger wenu hatoki. Mwalimu akanijibu kwa ile sauti ya darasani kwamba mchumba wa kuchaguliwa na babu usimkatae, ila usimshangilie kabla hujaonja ugali wake.

Kilichomkera yeye ni wasaidizi. Moyes kafika na watu wake wa Everton, Steve Round, Jimmy Lumsden, Chris Woods wa makipa, na wale wa babu, Mike Phelan, Meulensteen, Eric Steele, wote wakaondoka. "Umehamishiwa shule inayoongoza mkoa," akasema, "hata hujajua chaki zinakaa wapi, unawaondoa walimu wote uliowakuta. Wa kukuonyesha chaki nani?" Nikamwambia kila kocha anakuja na watu wake Mwalimu, hata Simba hata Yanga. Akasema sawa, ndo maana na nyie mtakuwa kama Simba na Yanga, makocha mtawahesabu kwa vidole. Nilicheka sana siku ile. Haya hesabu sasa, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Ten Hag, Amorim, na hapo wa kushikilia kwa muda sijawaweka.

Af likaja suala la kiungo Fellaini. Mkataba wake Everton ulikuwa na kipengele, unalipa milioni 23.5 unamchukua, kipengele kikaisha mwisho wa Julai, sisi tumekaa, tunaangaliana, tukaja kumchukua siku ya mwisho ya dirisha kwa 27.5. Siku hiyohiyo Arsenal wanamtangaza Özil kutoka Real Madrid. Mwalimu alimwita mtoto wa mwenye kibanda aliyekuwa anauza maji, akamuuliza kwa sauti ya kibanda kizima kusikia, "27.5 toa 23.5 ngapi?" Mtoto akasema nne. "Milioni nne za pauni. Hiyo ndo bei ya kusinzia."

Sitaki kupita kwenye kila kichapo. Man City walitupiga 4-1, wiki iliyofuata West Brom wakaja kwetu wakashinda 2-1. Novemba tukawafunga Arsenal 1-0, kichwa cha Van Persie, nikapumua. Desemba ndani ya siku nne Everton na Newcastle wote wakaja Old Trafford wakaondoka na 1-0 zao, na Newcastle walikuwa hawajashinda pale kwenye ligi tangu 1972. Mwalimu akasema 1972 alikuwa hajaoa. Januari Swansea wakatutoa Kombe la FA, na Sunderland wakatutoa Kombe la Ligi kwa penati, penati tano tumepata moja.

Lakini siku ninayoiona mpaka leo nikifumba macho ni Jumapili ya Februari 9, 2014. Fulham. Wanaburuza mkia wa ligi, na kocha wao nani? Meulensteen, yuleyule aliyeondolewa chaki! Mpira unaanza saa moja usiku, tunafungwa mapema, na kuanzia hapo Man U ikawa inafanya kitu kimoja tu, pembeni, krosi, inarudi, pembeni, krosi, inarudi. Fulham wana beki mmoja mrefu kama mnazi, Dan Burn, anaruka anaondoa kama mtu anayefukuza nzi kwenye samaki. Mwalimu akaokota kijiti akaanza kuchora mistari kwenye vumbi la sakafu, minne halafu mmoja wa kukatiza, mitano mitano kama mahudhurio ya darasa. Kipindi cha pili akanigusa bega akaniambia sogeza miguu nafasi imeisha. Baadaye takwimu zikasema krosi 81. Dakika ya 78 Van Persie akasawazisha, ya 80 Carrick akaweka la pili, mi nimeshapanda juu ya benchi natukana watu, af dakika za nyongeza Darren Bent, 2-2. Nikashuka taratibu nikakanyaga mahudhurio yote.

Usiku ule tulibishana mpaka jenereta ikazimwa. Mi hoja yangu ilikuwa hii na bado naishikilia, babu alimwachia jamaa kikosi cha wazee. Ferdinand 35, Vidic na Evra 32, Giggs kashagonga 40, Scholes kastaafu, viungo hakuna, na mtendaji mkuu David Gill aliyekuwa anajua kusajili kaondoka msimu huohuo na babu. Mwalimu anasema kikosi hichohicho kimebeba ubingwa miezi tisa iliyopita. Wote tulikuwa sahihi kwa kweli. Nilivyokuja kuona mimi, kikosi kilikuwa kimeshachoka hata msimu wa ubingwa, ila wapinzani walikuwa hawajui. Walikuwa wakiingia Old Trafford wanaliona lile li-saa la babu na ile bigijii inatafunwa pale benchi, wanaanza kuharibu wenyewe. Moyes hakuua timu, aliua uoga. Akija West Brom akiondoka na tatu, anawaambia wenzake huko kwamba jamani mle ndani hamna simba, kuna ngozi tu imetandikwa.

Machi 16 Liverpool wakatupiga 3-0 nyumbani, Gerrard penati mbili, na ya tatu kagonga mwamba, tunamshukuru Mungu kwa mwamba. Nilikaa siku sita sipiti njia ya kibandani. Siku ya saba Mungu akakumbuka waja wake, Jumamosi ya Machi 22, Wenger anasherehekea mechi yake ya 1000, Chelsea wanampiga 6-0. Sita! Nikaandaa maneno. Nikayapanga kabisa njiani najisemea peke yangu kama chizi, Mwalimu keki ya mechi 1000 imekatwa vipande vingapi, nikaamua nitayashusha Jumanne usiku kwenye mechi ya City maana najua atakuwepo.

Jumanne hiyo nimeingia, natoa buku mlangoni, sijapewa hata njia, kibanda kinalipuka. Dzeko wa City. Hata dakika moja haijaisha. Mwisho wa mpira 3-0, na ile keki yangu imenikaa kooni.

Nikawa nasubiri Mwalimu aanze. Nikamwamkia, akaitikia. Akasogea kwenye lile benchi lake ambalo hakai mtu, akapiga mbao kwa kiganja, "kaa hapa kijana wangu. Umekula?" Akamwita muuza kahawa akaninunulia kikombe na kashata mbili. Hakusema neno hata moja kuhusu mpira. Watu wakageuka wakatuangalia na hawakucheka pia. Aisee. Miaka yote ile nilikuwa nadhani kitu kibaya zaidi ni kutaniwa na Arsenal. Nilitamani aniulize 3 toa 0.

Yaliyobaki mnayajua. Kuna waliokodi ndege ipite juu ya uwanja na bango la kumtaka aondoke, na siku hiyo hata tulishinda 4-1. Jumapili ya Pasaka tukaenda Goodison, kwao alikotoka, tukalala 2-0, na nyuma ya benchi letu kuna shabiki wa Everton kavaa joho jeusi na panga la kuvunia, Israili mtoa roho mwenyewe, anamuoneshea Moyes kisogoni. Jumanne akafukuzwa. Angalia tarehe sasa, Aprili 22, 2014, mwaka mmoja kamili tangu Van Persie apige zile tatu za ubingwa. Tukamaliza wa 7 na pointi 64 na nikaona dunia imeisha. Mei hiyohiyo Arsenal wakabeba Kombe la FA baada ya miaka tisa ya ukame, na mimi nikaenda kununua vocha.

Sasa hivi Mwalimu kahamia kwao Muheza, analima, tunapigiana simu. Mei 2025 msimu ulipoisha, sisi wa 15 na pointi 42, na fainali ya Europa tumefungwa na Spurs, nikajua lazima nimpigie tu kabla hajanipigia. Tukaongea mvua, tukaongea machungwa, magoti yake yanavyomsumbua. Af akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia ndugu wa zamani, "yule Moyes wenu, nasikia karudi Everton. Kamaliza wa ngapi?"

Nikamwambia wa 13, Mwalimu, pointi 48.

"Na nyie?"

Nikamwambia mtandao unakatakata huku, nitapiga baadaye.