Mbwa asiyechoka: nilivyompatia mchezo unaomfaa
Kumkimbiza kila jioni hakukumtuliza. Kulimwongezea pumzi tu, akazidi kudai. Nilichobadilisha ni kuchagua mchezo kwa kufuata anachokipenda mwenyewe. Mbwa anayetembea pua chini, mpe kazi ya kunusa: panga maboksi 6, ficha kipande cha nyama ndani ya moja, mwache atafute. Dakika 10 zinatosha kabisa. Usimwoneshe kwa kidole, maana atazoea kutazama mkono wako na pua ataisahau. Boksi lililokaa nyama litenge na mengine, harufu hubaki. Anayependa kuvuta, mvishe mkanda wa kifuani, si wa shingoni, asikabwe koo. Kuruka viunzi kungoje mifupa ikomae. Kwa mbwa wa aina kubwa ni umri wa miezi 12 hadi 18.