Panadol ya saa kumi na mbili asubuhi

Mtoto kaamka analalamika kichwa, ukimgusa shingo ina moto. Anapewa Panadol, nusu saa baadaye anacheka, anavaa sare, huyoo shule. Dawa hiyo inaishiwa nguvu kati ya saa nne na saa sita, na ndipo mwalimu wa zamu anamkuta kalaza kichwa juu ya dawati. Homa haikuondoka, ilifunikwa tu.

Tumia kipimajoto, kwapani, mkono ukiwa umebanwa mpaka kilie. (Kiganja kilichotoka kuosha vyombo kwa maji baridi kitakwambia kila mtoto ana homa.) Ikifika nyuzi 37.5 asiende shule. Arudi akishatimiza saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha.

Huku kwetu homa ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo: tone la damu kidoleni, na majibu ndani ya dakika 20 hivi. Malaria haiambukizi darasani, ila dozi hukatikia shuleni. Dawa mseto humezwa mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, si "kesho asubuhi". Aliyeanza saa mbili usiku aamshwe saa kumi alfajiri. Ya tatu ni saa 24 tangu ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12, kwa hiyo zipo zinazoangukia saa mbili asubuhi, mtoto akiwa kipindi cha kwanza. Bora amalizie nyumbani. Ameze na kitu chenye mafuta, maziwa au karanga, maana chai kavu haisaidii dawa kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi.

Anayehara abaki mpaka saa 24 zipite tangu choo kirudi kawaida. Pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, huchanganywa yote kwa mara moja kwenye lita moja ya maji safi. Kuigawa kwa kukadiria kwenye vikombe hutoa maji yenye chumvi kali, na hayo yanamdhuru. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usisubiri asubuhi: ni hospitali.

Tetekuwanga: abaki nyumbani hadi kila lengelenge likauke na kufanya gamba. Surua: siku nne tangu upele utoke, na ukiwa na wasiwasi ni surua, kituo cha afya kijulishwe. Macho mekundu, kama yale yaliyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, mengi ni ya virusi. Abaki nyumbani mpaka yaache kutoa tongotongo na machozi, awe na taulo lake, na maji ya chumvi, chai ya rangi na maziwa ya mama visikaribie jicho.

Wengine wanafungiwa ndani bure. Mafua mepesi bila homa, chawa, mapunye: waende. Mapunye hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, kwa sababu fangasi iko ndani ya mzizi wa unywele. Inatakiwa dawa ya kumeza, wiki kadhaa, na wembe wa kinyozi usizunguke vichwa vyote.

Na kuna wanaofichwa siku ya kumezesha dawa za minyoo na kichocho, eti zinaangusha watoto. Kizunguzungu na tumbo kusokota vipo, na huwa vikali zaidi kwa aliyemeza tumbo tupu. Vidonge vya kichocho hugawiwa kwa urefu, mtoto husimamishwa kwenye kijiti chenye alama: wa sentimita 130 anapata viwili. Mpe uji mzito au kiporo cha wali kabla hajatoka. Kama siku hiyo ana homa, mwambie mwalimu wa afya mapema, atamezeshwa akipona.