Samaki walihema alfajiri: kumbe kosa lilikuwa langu

Kila alfajiri niliwakuta samaki juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Mchana walikuwa wazima kabisa. Nilidhani ni ugonjwa, nikapoteza wiki mbili nikihangaika kuwatibu kwa chumvi.

Jibu lilikuwa kwenye rangi ya bwawa: kijani kizito cha mwani, vimea vidogo sana vya majini. Mwani hutoa oksijeni jua likiwaka, lakini usiku huivuta kama viumbe wengine, na ule uliokufa huozeshwa na bakteria ambao nao huitumia. Niliazima kipimo cha oksijeni. Saa 11 alfajiri kilionyesha chini ya miligramu 2 kwa lita. Saa 9 alasiri kilipita 10.

Na mwani ulilishwa na nani? Na mimi. Chakula kilichobaki kilioza chini, na mvua ilisomba samadi kutoka bustani iliyo juu ya bwawa, ikileta naitrojeni na fosforasi.

Dawa ya kuua mwani niliikwepa. Ukifa wote kwa mpigo, oksijeni inaweza kuisha usiku mmoja. Nilisitisha kulisha kwa siku 3, nikabadilisha robo ya maji, nikawasha pampu ya hewa usiku. Kisha nikachimba mfereji wa kukinga maji ya bustani na kupanda ukanda wa nyasi. Samadi sasa naifukia, siitandazi.

Samaki walitulia upesi. Rangi iligoma kwa miezi, maana fosforasi iliyolala kwenye tope hurudi majini. Hatimaye nilikausha bwawa, nikazoa tope, nikalipeleka bustanini. Nikalifukia pia.