Kichaka cha Kando ya Motoine

Ugomvi mkubwa kabisa uliowahi kutokea katika ile njia yetu ya miguu ya kutazamia ndege, jijini Nairobi, haukuwa wa pesa wala wa vyeo. Ulikuwa wa kichaka. Kilikuwa kichaka cha lantana, kimempita mtu mzima kwa urefu, kimeziba kona moja ya Msitu wa Ngong Road pale mto Motoine unapopinda ukielekea Kibera na Bwawa la Nairobi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho mwisho wa Januari 2019. Jua lilikuwa kali, udongo umekauka, na sisi wa kujitolea tulikuwa tumefika hapo na slasha, majembe na wilbaro moja ya kuazima.

Wengi wetu tulitoka upande wa Kibera, vijana na akina mama, na wachache walikuja kwa matatu za Ngong wakashuka barabarani. Tulifanya kazi kupitia chama cha jamii cha msitu. Sheria ya misitu ya 2005 ndiyo iliyowapa wakazi nafasi hiyo, na ile ya 2016 ikaiendeleza, kwa hiyo hatukuwa tumejiingilia tu. Ofisa wa misitu alikuwa amepita na ramani yetu akaikubali, na kila siku ya kazi tulikuwa na askari wa msitu. Chai na mandazi tulichanga wenyewe.

Mimi niliingia kwa ajili ya ndege. Nilikuwa nimeonja yale matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971. Huko ndiko nilikoona shorobo kwa mara ya kwanza: ndege wa kijani aliyetulia tawini usimtambue, halafu akaruka na mabawa yakafunguka mekundu kama damu. Niliambiwa wekundu ule una shaba ndani yake, madini yenyewe, na sijawahi kuusahau. Lakini Jumatano ni siku ya kazi. Fundi wa mjengo, muuza mboga au mtoto wa shule hawezi kuwa Makumbusho saa tatu asubuhi. Nilitaka watoto wa mtaa wetu wapate njia yao wenyewe, Jumamosi, wanayoifikia kwa miguu bila nauli. Msitu wenyewe uko mlangoni. Umemegwa sana tangu ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali enzi za ukoloni, na barabara ya Southern Bypass imepita katikati, hata hivyo ukitembea dakika chache ndani unasikia hondohondo kuliko malori.

Aliyetufundisha kuchimba njia alikuwa mzee mmoja wa Machakos, amestaafu, ambaye ujanani alichimba matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia maji yasichukue udongo, kwenye shamba la baba yake. Hakuwa na habari na ndege. Alikuwa na habari na maji. Siku ya kwanza sisi tulitaka kufyeka moja kwa moja kutoka barabarani hadi mtoni, akatusimamisha. Akakata miti miwili mirefu, akaifunga pamoja juu na kuitanua chini, akaweka wa tatu katikati, kisha akaning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Kamba ikikaa kwenye alama ya katikati, miguu miwili ya ile fremu iko usawa mmoja. Akaanza kuitembeza kilimani, mguu baada ya mguu, na sisi nyuma yake tukipiga vigingi.

"Njia ikishuka na kilima, maji yataifuata," alisema. "Ikikata kilima, maji yataivuka yaende zake."

Alikuwa na kipimo chake: njia isiteremke zaidi ya nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Na uso wake uinamishwe kidogo sana kuelekea upande wa chini, ili mvua ikinyesha maji yapite kwa upana badala ya kukimbia kwa urefu. Panapobidi kushuka, unachimba mfereji wa kukingama, wa mshazari, wenye ukingo wa mawe, na mwisho wake unauacha wazi. Ule mwisho ndio watu husahau. Mfereji usio na mahali pa kumwaga ni dimbwi tu.

Kilichonishangaza ni kwamba njia ya mzee, iliyopimwa kwa ajili ya maji, ndiyo hiyo hiyo njia ambayo mtazamaji wa ndege angeiomba. Inapinda pinda, kwa hiyo unatokea kwenye uwazi bila ndege kukuona ukija tangu mbali. Haina mteremko wa kukufanya uangalie miguu yako, macho yanabaki juu. Sisi tuliongeza machache. Tuliiacha nyembamba, watu wapite kwa mstari mmoja, matawi ya juu yakutane. Miti iliyokufa ikiwa wima hatukuikata ila ile iliyokuwa ikielekea kuangukia njia, maana vigogota na wenzao huchimba viota humo. Na tuliianzishia upande wa mashariki, ili anayeingia asubuhi awe na jua mgongoni na ndege awe na jua kifuani.

Ndivyo tulivyofika kwenye kichaka.

Vigingi vya mzee vilipita katikati yake. Kijana mmoja, mwenye nguvu kutushinda wote, alikuwa ameshainua slasha. Askari wa msitu alikuwa upande wake: lantana ni mgeni, imetoka Amerika ya kitropiki, inakaba miche ya asili, na amri ni kuiondoa. Yote kweli. Lakini kulikuwa na mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, ambaye kila wiki alikuwa akija mapema kabla yetu na darubini yake ya zamani. Akaenda akasimama mbele ya kichaka.

"Leo msikiguse," alisema. "Ngojeni hadi Aprili."

"Mwalimu, kwa heshima," kijana akajibu, "mimi dada yangu aliporwa simu hapa. Wakora hukaa humo ndani. Hii njia tukiiacha na hiki kichaka, itakuwa ya wanaume peke yao."

Pakawa kimya. Baadhi ya akina mama walitikisa kichwa kumkubali. Na mimi, niliyekuja kwa ajili ya ndege, nilijikuta naelekea kwa kijana. Nimekulia kando ya msitu huu. Najua mwanamke anavyohesabu hatua akipita mahali asipoona mbele, anavyoshika mkoba, anavyojifanya anaongea na simu. Njia ambayo msichana wa miaka kumi na sita hawezi kuipita akiwa na mwenzake mmoja tu si njia ya jamii, hata ikiwa na ndege wote wa Kenya.

Mwalimu hakubisha. Alituomba tukae chini. Sote, na askari pia. Tukaketi kwenye majani makavu, tukizungusha chupa ya maji, tukitazama kile kichaka.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha shore wakaja, halafu pasa na mikia yao mirefu wakajitupa juu ya matunda meusi ya lantana. Hao tunawajua, wako kila mtaa. Baadaye kidogo mwalimu akanyoosha kidole bila kusema. Ndege mdogo wa kijivu alikuwa akila ndani kidogo ya matawi, ana kofia nyeusi iliyofika machoni tu. Kisha mwingine, huyu kofia yake ya kahawia, huyo jike. Kisha wengine. Darubini ikapita mikono yote, ikafika kwa kijana, naye akakaa nayo muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Mwalimu akatueleza kwa sauti ya chini. Hawa si wa hapa. Wanazaliwa Ulaya na Asia, baridi ikianza huko wanahama, wanafika kwetu kama Oktoba au Novemba. Machi na Aprili wanarudi, na kabla ya kurudi ni lazima wanenepe, kwa sababu safari inapita jangwani. Matunda haya ndiyo mafuta yao. Kichaka ni kibaya, alikubali, na ndege hawa hawa ndio wanaosambaza mbegu zake. Lakini tukikiondoa leo bila kupanda kitu, tutakuwa tumewanyang'anya sahani wakiwa mezani.

Kijana akarudisha darubini. "Sawa," alisema. "Na dada yangu?"

Naliheshimu swali lile mpaka leo. Lilitufanya tuache kuchagua kati ya ndege na watu.

Aliyejibu alikuwa mzee. Alichukua fremu yake akapanda nayo kilimani, juu ya kichaka, akaanza kupima upya. Tukang'oa vigingi vya zamani tukapiga vipya. Njia ikahamia juu, umbali wa kutosha mtu kuona pande zote, ikazunguka kichaka kwa kufuata usawa wa kilima. Tuliposimama pale juu tukaelewa alichokifanya. Mtu akiwa njiani aliona juu ya kichaka chote, na nyuma yake pia, hadi mtoni. Hakuna aliyeweza kujificha humo asionekane. Na ndege, ambao hula juu ya matawi, sasa walikuwa chini ya macho yetu badala ya juu ya vichwa vyetu. Kando ya njia yenyewe tulifyeka kila kilichofika kiunoni, pande zote mbili, tukaacha miti mirefu.

Kuhusu lantana tulikubaliana kuiondoa kwa vipande, kuanzia ukingoni, kila mwaka baada ya wageni kuondoka. Na iwe kung'oa na mizizi, kwa sababu ukiikata tu inachipua upya na hasira zaidi. Kila kipande kitakachotoka, kipandwe miti ya asili yenye matunda au maua ambayo ndege huyahitaji: mkuyu, muringa, muiri. Kijana ndiye aliyejitolea kusimamia miche.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mvua ya masika mwaka ule ilichelewa, na miche tuliyopanda ilianza kunyauka. Kijana na wenzake walibeba maji kwa mitungi kutoka mtoni jioni baada ya jioni, watu waliokuwa wameshinda mjengoni tangu asubuhi. Mikuyu ilishika. Miiri mingi ilikufa, tukapanda tena. Kisha mvua ya Oktoba hadi Desemba ikaja kwa nguvu ambayo wengi hatukuwa tumeiona, na mifereji ya mzee ikajaribiwa. Vile vijia vya mkato vilivyoshuka moja kwa moja mtoni vilichimbika vikawa korongo. Njia yetu ilisimama, isipokuwa mahali pamoja ambapo matope yalikuwa yameziba mwisho wa mfereji. Tangu hapo, Jumamosi ya kwanza baada ya kila mvua kubwa ni ya majembe na mabeleshi tu, kuzibua miisho ya mifereji, kabla mtu hajaruhusiwa kutoa darubini.

Mzee amerudi Machakos. Fremu alituachia. Kijana sasa anaongoza watoto wa shule Jumamosi, na msichana anayetembea mwisho wa mstari kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma ni dada yake.

Kichaka bado kipo, kipande kidogo karibu kabisa na maji. Kijana anataka kitoke mwaka huu, baada ya Aprili. Mwalimu anataka kiachwe hadi miiri ianze kuzaa, na muiri huchukua miaka mingi kabla ya kutoa matunda. Kikao ni mwezi ujao. Mimi nitaunga mkono mwalimu, na nimeshamwambia kijana hivyo ili asisikie kwanza kwa wengine.